Miliomu nne zinazounguza mota: jinsi madaraja ya Wheatstone na Kelvin yanavyopima ukinzani

Katika atelye za kubobina mota (kusuka upya waya wake) za Lubumbashi, mji wa Kongo, iwe katika komini ya Kenya, Katuba au Kampemba, kuna kipimo kinachofanywa kila siku ambacho karibu hakimwambii fundi kitu. Mota imetoka kukaushwa, vanishi imeshika, vichwa sita vya waya vimetokeza kwenye kisanduku chake. Kijana anachukua multimita, anaiweka kwenye omu, anagusa fezi ya kwanza, moja ya koili tatu za mota: 0.2. Ya pili: 0.2. Ya tatu: 0.2. "Papa, inasonner, iko bien," yaani umeme unapita, iko sawa. Mteja analipa, mota inapakiwa.

Mota nyingi zinazoondoka hivyo hufanya kazi miaka. Baadhi hurudi mapema, fezi moja imekuwa nyeusi na mbili bado zinang'aa, na ubishi unaanza: kosa ni la fundi, la kuran (umeme wa mji) inayopanda na kushuka, au la pampu iliyokwama? Mara nyingine jibu lilikuwepo mezani tangu siku ya kwanza, ila chombo kilichotumika hakikuwa na uwezo wa kuliona.

Tuchukue mota kubwa ya pampu, ambayo kila fezi ina ukinzani, yaani kiasi inachozuia mkondo wa umeme, wa omu 0.040, sawa na miliomu 40. Kila fezi imesukwa kwa nyaya kumi nyembamba zinazokwenda sambamba, kwa sababu waya mmoja mnene haukunjiki vizuri ndani ya mifereji ya chuma. Mwishoni, nyaya zote kumi za kila kichwa hukwanguliwa enameli, yaani ganda lake la kuzuia umeme, na kulehemiwa pamoja. Sasa tuseme waya mmoja wa fezi ya tatu haukukwanguliwa vizuri. Lehemu imeufunika kwa juu tu, haikushika shaba. Kwa macho huoni kitu. Lakini fezi hiyo imebaki na nyaya tisa, na ukinzani wake umepanda kutoka miliomu 40 hadi 44.4. Hizo tisa ndizo zitakazobeba mzigo wa kumi, kutwa kucha, chini ya jua la Oktoba.

Tofauti ni miliomu 4.4. Hatua ndogo kabisa ya multimita nyingi za dukani ni omu 0.1, yaani miliomu 100. Na hapo nyaya za mita zenyewe sijazigusa. Waya wa shaba wa urefu wa mita moja, wenye eneo la milimita za mraba 0.75, una miliomu 23. Wa kwenda na wa kurudi, 46. Kwa hiyo nyaya za kupimia zina ukinzani mkubwa kuliko kitu kinachopimwa, kabla hujahesabu mguso wa ncha na plagi. Ile 0.2 iliyosomwa mara tatu kwa kiasi kikubwa ilikuwa kipimo cha mita na nyaya zake.

Wengi wakifika hapa hudhani dawa ni kununua mita yenye tarakimu nyingi zaidi. Tarakimu ni rahisi kuziongeza kwenye kioo. Ukweli wake ndio kazi. Mita yenye tarakimu sita iliyounganishwa kwa nyaya mbili itakuonyesha ukinzani wa nyaya zake kwa tarakimu sita. Usahihi wa kweli unatokana na kupanga vitu ili makosa yafutane yenyewe kwa yenyewe, na hilo ndilo lililo ndani ya kile kinachoitwa daraja.

Fikiria mizani ya zamani ya sokoni, ile ya sahani mbili. Ya springi huchoka: springi ikilegea, kilo ya unga inakuwa gramu 900 na hakuna anayejua. Ya sahani mbili haijali. Unaweka mawe upande huu, unga upande ule, na swali lako ni moja tu: mhimili umelala sawa au haujalala? Mawe yakiwa ya kweli, jibu ni la kweli.

Daraja la Wheatstone linafanya hivyo kwa umeme. Betri moja inalisha njia mbili zilizo sambamba. Kila njia ina vikinzani viwili vinavyofuatana, na katikati ya kila njia kuna kiungo. Volti za betri hugawanyika kati ya vikinzani viwili kwa uwiano wao: omu 100 na omu 300 zikifuatana, ya kwanza inachukua robo ya volti, ya pili robo tatu. Njia ya pili ikiwa na omu 1000 na omu 3000, nayo inagawanya robo kwa robo tatu. Viungo viwili vya katikati vitakuwa na volti sawasawa, ingawa vikinzani vyenyewe havilingani hata kidogo. Unganisha galvanometa, mita ya sindano inayohisi mkondo mdogo, kati ya viungo hivyo, sindano yake haitasogea, kwa kuwa mkondo hauendi kati ya sehemu mbili zenye volti sawa.

Sasa ondoa moja kati ya vinne na uweke usichokijua. Geuza kikinzani kinachorekebishika mpaka sindano irudi sifuri. Hapo usichokijua kinapatikana kwa kuzidisha na kugawanya: uwiano wa njia moja ni sawa na uwiano wa njia ya pili. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Kilicho kizuri zaidi ni kile kisichomo kwenye hesabu hiyo. Volti za betri hazimo. Betri mpya au iliyochoka, jibu ni lile lile. Iliyochoka inapunguza tu nguvu ya sindano kuonyesha tofauti ndogo. Wala hamna usahihi wa galvanometa. Sindano haiombwi kusema "volti 2.5013"; inaombwa kusema "sifuri" au "bado". Chombo cha bei ndogo kinaweza kutambua sifuri vizuri sana. Katika mji ambako kuran inaweza kushuka mpaka taa zikawa nyekundu, kipimo kisichojali chanzo chake cha umeme si anasa.

Tuone kwa namba. Vikinzani vyote vinne ni omu 120, betri ni volti 5. Kila kiungo cha katikati kina volti 2.5. Kimoja kikipanda kwa sehemu moja ya elfu, yaani kutoka 120 hadi 120.12, kiungo chake kinakwenda volti 2.50125. Ukipima volti hizo moja kwa moja, unatafuta badiliko dogo juu ya namba kubwa, na mita yenye hatua ya milivolti moja italiona kwa shida. Ukipima kati ya viungo viwili, ile 2.5 imefutwa kabla haijafika kwenye mita. Kinachobaki ni milivolti 1.25, na sasa unaweza kuielekezea mita kwenye kiwango chake kidogo kabisa.

Aliyeeleza mpangilio huu kwanza hakuwa Wheatstone. Alikuwa Samuel Hunter Christie, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich huko Uingereza, mwaka 1833. Makala yake ilikaa bila kushughulikiwa. Charles Wheatstone aliuchukua mwaka 1843, akaonyesha matumizi yake, na akasema wazi kwamba Christie ndiye wa kwanza. Haikusaidia, jina lililobaki ni la yule aliyeutumia mbele za watu.

Simu za maandishi (telegrafu) ndizo zilizoupa mpangilio huo soko. Kebo imezikwa kilomita kadhaa, imeharibika mahali fulani, nani atachimba njia yote? Mbinu iliyozaliwa humo, inayoitwa kitanzi cha Murray, bado inafaa kwa kebo za leo zilizo chini ya barabara. Chukua kebo ya mita 800 ambayo waya wake mmoja umegusana na ardhi na mwingine ni mzima. Nenda mwisho wa mbali, unganisha waya mbovu na mzima. Sasa una kitanzi cha mita 1600, na hitilafu imekigawa sehemu mbili: hizo ni mikono miwili ya daraja. Mikono mingine miwili ni vikinzani vyako mezani. Ukipata sifuri kwa uwiano wa 3 kwa 7, hitilafu iko sehemu 3 katika 10 za kitanzi ukianzia upande wa waya mbovu, yaani mita 480. Unapima hatua barabarani, unachimba hapo.

Na mguso wenyewe na ardhi, ambao unaweza kuwa omu 5 au 5000 kutegemea kama ni masika au kiangazi? Umekaa kwenye njia ya betri, ile ambayo haimo katika hesabu. Unadhoofisha sindano, hauharibu jibu. Hiyo ndiyo akili ya daraja: usichoweza kukijua, kipeleke mahali ambapo hakina neno.

Daraja lenyewe unaweza kulitengeneza. Shule za ufundi hutumia waya wa nikromu au konstantani uliotandazwa juu ya ubao wenye rula ya mita moja. Waya wa jiko la umeme ulionyooshwa sawasawa unatosha kwa kujifunzia. Mikono miwili ya daraja ni sehemu mbili za waya huo, na kinachosogea ni ncha ya chuma unayoiteleza mpaka sindano itulie. Sifuri ikipatikana kwenye sentimita 40, uwiano ni 40 kwa 60. Mwanafunzi akikosea kusoma milimita moja katikati ya waya, jibu linapotoka kwa asilimia 0.4. Akikosea milimita hiyo hiyo kwenye sentimita ya 5, linapotoka kwa zaidi ya asilimia 2. Kwa hiyo chagua kikinzani unachokijua kiwe karibu na usichokijua, ili sifuri iangukie katikati.

Kuna daraja la Wheatstone ambalo madereva wa malori ya shaba wanalikanyaga bila kujua. Kabla ya kushika barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lori hupanda kwenye mizani kubwa, na chini ya bamba lake kuna seli za mzigo. Ndani ya kila seli ni kipande cha chuma kilichobandikwa vikinzani vinne vyembamba kama karatasi. Lori likipanda, chuma kinabonyea kiasi kisichoonekana: vikinzani viwili vinavutwa, viwili vinakandamizwa, na daraja linapoteza ulinganifu. Seli ya kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukiilisha volti 10, tani zote hizo zimekuwa milivolti 20. Badiliko la ukinzani ni dogo, na jua la mchana nalo huleta la kwake kwenye chuma kile kile. Lakini jua linawapata wanne wote kwa pamoja, na kinachowapata wote kwa pamoja hakihamishi sifuri. Uzito peke yake ndio unaowatenganisha.

Basi kwa nini tusirudi atelye na kuipima mota yetu kwa daraja la Wheatstone? Kwa sababu linafuta mengi, ila nyaya zinazokiunganisha kitu na daraja halizifuti. Ukipima omu 120, miliomu 46 za nyaya ni kosa la asilimia 0.04 na unaweza kuzisahau. Ukipima miliomu 40, daraja litakupa 86 kwa uhakika mkubwa, na litakuwa limekudanganya kwa uhakika ule ule. Chini ya omu moja Wheatstone anaanza kuchoka.

Hapa anaingia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, na daraja lake maradufu la miaka ya mwanzo ya 1860. Yeye pia alikuwa mtu wa kebo za baharini, na alihitaji kupima vipande vifupi vya shaba, vitu vyenye ukinzani mdogo kuliko screw inayovishika.

Wazo lake la kwanza ni kukipa kitu vichwa vinne badala ya viwili. Vichwa viwili vya nje vinapitisha mkondo mkubwa. Viwili vya ndani vinasikiliza volti tu, na havipitishi karibu chochote. Kama mguso wa nje ni mbaya, volti zinapotea huko nje, si kati ya vichwa vya ndani. Na miguso ya ndani, ikiwa mibaya kidogo, imefuatana na vikinzani vya omu mia au elfu, kwa hiyo miliomu chache hazina sauti.

Inabaki sehemu moja sugu. Kikinzani cha mfano, ambacho ukinzani wake unajulikana, na kitu kinachopimwa lazima viungwe kwa kipande cha shaba ili mkondo upite, na kipande hicho kina ukinzani wake usiojulikana, katikati kabisa ya hesabu. Huwezi kukiondoa, na ukikihesabu upande mmoja au mwingine unakosea. Kelvin aliongeza jozi ya pili ya mikono, inayokigawa kipande hicho kwa uwiano ule ule wa mikono mikuu. Uwiano wa jozi mbili ukiwa sawa, sehemu ya kila upande inafutwa na ya mwenzake, na ukinzani wa kipande unatoka kwenye hesabu kabisa. Ndiyo maana linaitwa maradufu. Binafsi naliona hili kuwa jambo lenye werevu kuliko daraja la kwanza, na linasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule vinalipa ukurasa nusu.

Mezani ni sanduku lenye vichwa vinne vilivyoandikwa C1, P1, P2 na C2, sindano yenye sifuri katikati, na vitufe viwili, cha betri na cha galvanometa. C ni mkondo, P ni volti. Vijana wengi huharibu kazi hapa: wanakamata klipu ya P juu ya klipu ya C, kwa kuwa ni rahisi na nafasi ni finyu. Ukifanya hivyo umerudisha mguso wote ndani ya kipimo, na sanduku la bei kubwa limekuwa multimita. P lazima iume shaba ya kichwa cha waya chenyewe, upande wa ndani wa C. Na kabla ya hapo, vifunguliwe vile vipande vya shaba vinavyofunga mota kuwa nyota au pembetatu. Kwenye pembetatu iliyofungwa, mkondo unazunguka pia kupitia fezi mbili nyingine, na ile tofauti yetu ya asilimia 11 inaonekana kama asilimia 5 tu kati ya vipimo.

Tuseme sasa fundi amepima vizuri: 40.1, 40.0, 44.4. Kosa limeonekana, mota haijaondoka mezani, waya mmoja unakwanguliwa na kulehemiwa tena.

Lakini angalikuwa na fezi moja tu ya kulinganisha na daftari la mwaka jana, angeingia mtego mwingine, wa hali ya hewa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa asilimia 0.393 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ukihesabu kutoka nyuzi 20. Lubumbashi iko juu, kama mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai chuma cha atelye kinaweza kuwa nyuzi 10. Adhuhuri ya Oktoba, 32. Kati ya siku hizo mbili, mota ile ile nzima inabadilika kwa asilimia 9. Karibu sawa na waya mmoja uliokatika kati ya kumi! Mtu anayelinganisha kipimo cha Julai na cha Oktoba bila kusahihisha joto anaweza kuhukumu mota nzima kuwa mbovu, au mbovu kuwa nzima.

Kusahihisha ni rahisi. Kwa shaba, zidisha ukinzani uliopima kwa 254.5, gawanya kwa jumla ya 234.5 na nyuzi za wakati ule. Unapata ukinzani wa nyuzi 20. Joto linalotakiwa ni la shaba, si la hewa ya chumba. Mota iliyotoka kukaushwa leo asubuhi bado ina moto ndani saa nyingi baadaye, hata kama ganda lake limepoa mkononi.

Ila jambo hili lina faida yake. Kama shaba inabadilika na joto kwa namna inayojulikana, basi waya wa mota ni kipimajoto kilichofichwa mahali ambapo kipimajoto hakifiki. Pima mota ikiwa baridi, nyuzi 25: miliomu 40.0. Iendeshe na mzigo wake saa kadhaa, izime, pima haraka: 52.4. Uwiano ni 1.31. Zidisha kwa 259.5, toa 234.5, na umepata wastani wa joto la ndani: nyuzi 105. Vanishi na karatasi za kiwango F cha kustahimili joto zinaruhusiwa kufika 155. Mota iko salama. Lakini angalia: kosa la asilimia 1 kwenye ukinzani ni kosa la nyuzi 3 na zaidi kwenye joto. Kwa multimita ya miliomu 100 hesabu hii ni ndoto.

Joto lina hila nyingine, ndogo zaidi. Metali mbili tofauti zikigusana, na mguso mmoja ukawa na joto kuliko mwenzake, huzaa volti zake zenyewe. Shaba na konstantani hutoa takriban mikrovolti 40 kwa kila nyuzi ya tofauti. Ukipima kiungo cha mikroomu 100 kwa ampea 1, unachotafuta ni mikrovolti 100. Mguso ulioshikwa na kidole chenye joto unatosha kukuharibia. Dawa ni ya daraja hasa: pima, geuza betri, pima tena, chukua wastani. Volti za mkondo wako zinageuka pamoja na betri, za joto hazigeuki, kwa hiyo zinafutana. Hii pia ndiyo sababu vikinzani vya mfano hutengenezwa kwa manganini, aloi ya shaba kama asilimia 84, manganizi 12 na nikeli 4: karibu haibadiliki na joto la chumba, na ikigusana na shaba haizai volti za maana. Na mkondo wa kupimia usizidi asilimia 10 ya mkondo wa kawaida wa mota, wala usikae muda mrefu, maana wenyewe unapasha moto kile unachokipima.

Kuna jambo ambalo daraja halitakuambia, na ni haki lisemwe. Mzunguko mmoja wa waya ukigusana na jirani yake ndani ya koili yenye mizunguko 60, ukinzani unashuka chini ya asilimia 2, ilhali mzunguko huo uliofungwa utaunguza mota ndani ya muda mfupi. Na insulesheni kati ya waya na chuma ina mita yake ya volti nyingi. Ukinzani wa fezi ni ushahidi mmoja, hauondoi mingine.

Mahali ambapo daraja la Kelvin lingelipa bei yake kwa haraka ni dukani, kabla mota haijasukwa. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na lile dohani na mlima wa takataka zake bado ndiyo alama ya mji. Lakini waya wa kubobina unarudi kwetu kwenye magurudumu yaliyotoka mbali. Mwaka 1913 mataifa yalikubaliana juu ya shaba ya mfano: waya wa mita moja, milimita ya mraba moja, nyuzi 20, una omu 0.017241. Kwa hiyo mita 10 za waya wa kipenyo cha milimita 1 lazima ziwe karibu miliomu 220. Ukipata 243, shaba inaweza kuwa nzuri ila kipenyo ni 0.95, enameli imejaza iliyobaki. Ukipata karibu 350, una aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na mota itakayosukwa kwayo itapata moto zaidi ikibeba mzigo wake kamili. Mikrometa peke yake haitambui hilo. Rangi na mkasi vinaweza kudanganya pia.

Na kikinzani cha mfano nacho, nani anahakikisha jiwe la mizani? Kwa zaidi ya karne moja maabara kuu zililinganisha omu zao kwa madaraja, kimoja na kingine, mpaka juu. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, Mjerumani, aligundua kwamba tabaka jembamba la semikondakta kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu hutoa ukinzani uleule daima: omu 25,812.807 au sehemu zake kamili. Haujali umbo la kipande wala kilikotoka. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na tangu Mei 2019 thamani hiyo imefungwa na vipimo vya msingi vya dunia. Hata huko, kutoka kwenye kipande hicho hadi kikinzani cha omu 1 kinachosafirishwa, kinachotumika ni kulinganisha mikondo miwili mpaka kigunduzi kiseme sifuri.

Daraja zuri la Kelvin ni ghali, na atelye nyingi hazina. Lakini swali la fundi wa mota ni dogo kuliko la maabara. Hahitaji kujua kwamba ni miliomu 40. Anataka kujua kama fezi tatu ni sawa. Kwa hilo betri ya gari, balbu moja ya taa kubwa ya mbele na multimita ya kawaida vinatosha. Fungua vipande vya nyota au pembetatu. Unganisha fezi tatu zifuatane, moja baada ya nyingine, kisha balbu, kisha betri. Balbu ya wati 55 itapitisha kama ampea 4, na kwa kuwa zote ziko kwenye njia moja, mkondo wa fezi ya kwanza ndio wa pili na wa tatu. Weka multimita kwenye milivolti 200, na ncha zake ziume shaba ya vichwa vya fezi yenyewe, si klipu za betri wala nyaya za kuunganishia. Utasoma kitu kama 160.4, 160.0, 177.8. Mita ileile, dakika ileile, joto lile lile. Hata kama mita inasoma asilimia 2 juu, inazidisha zote tatu. Hatua ya milivolti 0.1 juu ya 160 ni bora mara nyingi kuliko omu 0.1 juu ya 0.04. Betri ikianza kushuka, rudia ya kwanza mwishoni uone imehama kiasi gani.

Ukimaliza, ondoa ncha za mita kwanza, ndipo ukate betri. Koili iliyokatiwa mkondo ghafla hurusha volti nyingi kwa kitambo kidogo, na kwenye transfoma kubwa kitambo hicho kinaua mita na kinaweza kuumiza mkono ulioshika waya.